Mtangaza Misiba Aliyefungiwa Madirisha

Saa tatu asubuhi, makaburi ya Boca del Guamo yamejaa watu, na leo hakuna anayezikwa.

Mama mmoja amesimama juu ya kaburi la marehemu mumewe. Mkono mmoja umeshika msalaba, mwingine umeinua simu juu kama anayechuma papai. Kijana mmoja amekaa juu ya kaburi la meya wa zamani, anabishana na mashine ya kujibu simu. Nyuma yao kuna foleni, na foleni hiyo ina adabu zake: hakuna kusukumana, hakuna kula, na anayepata mtandao haruhusiwi kushangilia, maana hapa ni mahali pa watu kupumzika.

Katikati ya foleni yuko Libardo Paternina, mzee wa miaka sitini na moja, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Huyu ndiye mtangaza misiba wa mji. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu akifa Boca del Guamo, Libardo ndiye anayepita mtaa kwa mtaa na guta lake la magurudumu matatu, spika mbili juu ya paa, kuwaarifu walio hai. Leo amekuja kupiga simu ya kuacha kazi.

"Kazi ipi hiyo, Don Libardo?" anauliza mwanamke aliye mbele yake, Nubia Arrieta, muuza samaki. "Ya kututangazia waliokufa, au ya kuwatangaza wanaotuua?"

Foleni inacheka. Libardo hacheki.

"Ya hao wa pili," anasema.

"Jamani, mpisheni mzee! Anakwenda kumpa talaka shetani."

Wanacheka tena, lakini hakuna anayempisha. Hapa makaburini huruma ni jambo moja na nafasi kwenye foleni ni jambo jingine.

Mpaka mwaka jana, mji huu ulikuwa na kampuni mbili za simu. Caracola ilikuwa na mnara wake nyuma ya kanisa. Rayo ilikuwa na wa kwake El Playón, mtaa wa bondeni kando ya mto. Kila mtu alikuwa na laini mbili, na alizitukana zote mbili kwa haki, na maisha yaliendelea.

Kisha kampuni hizo zikaungana. Zilifunga ndoa huko mji mkuu, mbele ya wapiga picha, na ndoa hiyo ikapewa jina la Juntísima, yaani Pamoja Kabisa. Jambo la kwanza ambalo maharusi walifanya lilikuwa kupunguza vyombo vya nyumbani. Minara miwili kwa mji mmoja wa wavuvi ilionekana ni anasa. Wa El Playón ukazimwa.

Karibu nusu ya mji iliamka asubuhi hiyo simu zikiwa zimegeuka saa za mfukoni. Upande wote wa bondeni, mahali pekee palipobaki na mtandao ni mwinuko wa makaburi, tena juu ya mawe machache tu, mwinuko ambao wazee wa zamani waliuchagua ili mafuriko yasiwasumbue wafu. Wafu wangali salama, mafuriko hayawafikii. Juntísima haikuwajia akilini wazee hao.

Kutoka hapo juu mtu anaweza kupiga huduma kwa wateja. Wimbo unaanza, wa kuchezeka kweli, na sauti ya msichana mchangamfu inasema: "Karibu kwenye familia yako mpya." Kisha bonyeza moja. Kisha bonyeza nne. Kisha familia inakata.

Kila mmoja kwenye foleni ana kidonda chake. Kuna ambaye salio lake liliyeyuka siku ya muungano. Kuna ambaye bando lake la mwezi linaisha kabla hajalifungua. Nubia anakatwa fedha za utabiri wa nyota ambao hakuuomba.

"Kila asubuhi napanda huku nakuta ujumbe, eti mapenzi yanakaribia," anasema. "Nina miaka hamsini na tisa. Mume yupo nyumbani, hana kazi, hatoki. Hayo mengine yakaribie yaende wapi?"

Libardo hadai salio. Anachodai hakipo kwenye orodha ya kubonyeza.

Kazi yake inahitaji simu kuliko kazi nyingi za mji huu. Joto la hapa halimpi marehemu muda. Anayefariki leo anazikwa kesho, kwa hiyo ndugu walikuwa wakishamfumba macho tu wanampigia Libardo. Namba yake imeandikwa ubavuni mwa guta, kwenye ukuta wa duka la majeneza na nyuma ya mlango wa sakristia ya kanisa. Alikuwa akifika kwanza nyumbani kwa wafiwa na utepe wa zambarau, anautundika mwenyewe mlangoni, anatoa pole, anakunywa kahawa akiwa amesimama. Baada ya hapo ndipo anawasha kinanda cha kanisa kwenye spika na kuingia mitaani.

Hasomi jina la kwenye kitambulisho peke yake, maana hilo ni la serikali na hakuna anayelijua. Anataja na lile la mtaani: Toño Miguu ya Bata, Chepa wa Kiwandani, Mama Kelele. Anataja watoto, nyumba ya msiba, saa ya mazishi. Anapopita, dhumna zinasimama, redio zinazimwa, madirisha yanafunguka moja baada ya jingine.

"Hata waliokuwa wanagombana walikuwa wananyamaza," anasema Libardo. "Ukimaliza kupita, wanaendelea."

Malipo yalikuwa pesos elfu hamsini kwa msiba mmoja. Asiye nazo alitoa kuku. Asiye na kuku alitoa shukrani, na Libardo anasema shukrani za El Playón amezila sana.

Mnara ulipozimwa, simu yake ikanyamaza. Wafiwa wa mtaa wa juu walipiga wakachoka, wakaanza kutuma waendesha bodaboda au kuandikiana kwenye simu zao wenyewe kwa wenyewe. Wafiwa wa bondeni walipanda makaburini, wakampigia mtu aliyekuwa bondeni kwake, mahali ambapo hakuna kinachoingia. Wiki zikapita. Mkewe, Nacira, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa anaweka sufuria jikoni.

"Tulikuwa tunakula wali kwa wali, mboga hakuna," anasema Nacira. "Ile kampuni ilipokuja, mimi ndiye niliyemwambia achukue. Simsingizii mtu."

Kampuni ilikuja ikiwa na sura ya binti mpole mwenye fulana ya rangi ya chungwa. Aliliona guta, akaziona spika, akapenda. Juntísima ilihitaji sauti ya kuwaeleza watu wa Boca del Guamo jinsi walivyobahatika. Kwa wiki, Libardo angelipwa pesos laki mbili, ambazo ni sawa na vifo vinne, na katika mji wa ukubwa huu vifo vinne kwa wiki ni kitu cha kumwomba Mungu asilete. Guta likapakwa rangi ya chungwa. Utepe wa zambarau ukaingia chini ya kiti.

Ikumbukwe kwamba Juntísima haikuwa na ofisi mjini. Haikuwa na mlango wa kugonga, haikuwa na meza ya kupiga ngumi, haikuwa na mtu wa kutukana uso kwa uso. Sasa ilikuwa na Libardo, na alikuwa akipita mbele ya kila nyumba kwa mwendo wa kinyonga.

Wiki ya kwanza walimrushia mapera yaliyooza. Walimfuata na bili mikononi. Mwalimu mstaafu mmoja, mtu wa misa ya kila siku, alisimama katikati ya barabara na kumsomea spika ya kushoto malalamiko yake yote mpaka mwisho, kisha akahamia ya kulia.

"Nirudishie elfu kumi na mbili zangu!" mama mmoja alimpigia kelele kutoka barazani.

"Mama, mimi napiga kelele tu. Hela sizioni."

"Basi piga kelele uwaambie warudishe!"

Halafu watu wakachoka hata kutukana. Wakipata kusikia injini tu, wanafunga madirisha. Kuanzia kona ya kwanza mpaka mtoni, mbao zinagonga mbao, pa, pa, pa, na Libardo anapita katikati ya mtaa usio na uso hata mmoja, akiutangazia kwamba wote ni familia.

"Mapera nayazoea," anasema. "Pera unafuta. Dirisha linaniumiza."

Nacira anasema alianza kukosa hamu ya kula, sasa ambapo chakula kilikuwepo.

Kisha akafa Ubaldina Tuirán.

Hakuna aliyewahi kumwita Ubaldina isipokuwa padre. Alikuwa Baldi wa Bollo. Kwa miaka hamsini aliuza bollo, unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani na kuchemshwa, na hakuna mtoto wa mji huu ambaye hakuota meno akitafuna bollo lake. Alikuwa pia mama wa ubatizo wa binti wa Libardo. Yeye na Libardo waliitana kompadre na komadre, undugu ambao hapa una uzito kuliko wa damu, kwa kuwa huu mtu anauchagua mwenyewe. Wiki iliyopita, asubuhi, alikaa kwenye kigoda chake kusubiri maji yachemke, na hakusimama tena.

Bintiye, Edilsa, alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Majirani walimsaidia kumwosha marehemu na kumlaza sebuleni. Viti vya plastiki vilikopwa nyumba kwa nyumba vikapangwa mbele ya mlango. Kisha akapanda makaburini kumpigia Libardo.

"Nilipiga namba ya mjomba, wakaimba wao kampuni," anasema Edilsa. "Nikapiga tena, wakaimba. Wimbo ule mzima naujua sasa, naweza kuwaimbia. Nikajiambia, mjomba hawezi kukosa kusikia, atakuja tu na utepe. Nikarudi kukaa na mama."

Alikuja kweli.

Katika Boca del Guamo, viti vya plastiki mbele ya nyumba vina maana tatu: sherehe, bahati nasibu au msiba. Anayetaka kujua ni ipi anatazama mlangoni. Mlango wa Baldi haukuwa na utepe, kwa sababu mwenye kutundika utepe alikuwa hajafika. Na juma hilo Juntísima ilikuwa imeahidi kuchezesha bahati nasibu ya jokofu kwa kila mtaa utakaojikusanya kumsubiri mtangazaji.

Libardo alikata kona, akaona viti, akaona watu wamekaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtaa kumsubiri. Anakiri kwamba alifurahi.

Alisimamisha guta mbele ya mlango. Watu hawakucheka, hawakuinuka. Alidhani wamenuna kwa ajili ya mtandao, akafanya ambacho mtu wa kazi yake hufanya watu wanaponuna. Aliongeza sauti.

Wimbo ukapiga. Familia mpya, furaha mpya. Jokofu, jokofu, jokofu.

Edilsa akatoka ndani. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya spika, kama mtu anayemnyamazisha mtoto wa mwenzake.

"Zima, mjomba," alisema. "Mama yupo hapo sebuleni."

Libardo anasimulia mpaka hapo tu. Jirani aliyekuwa kwenye viti hivyo anasema mzee alizima, akashuka, akaanza kupekua chini ya kiti cha guta kwa muda mrefu sana. Alipopata utepe alimkabidhi Edilsa. Edilsa ndiye aliyefunga.

Alitoka hapo hapo kwenda kumtangaza komadre wake. Aling'oa bango la jokofu, akaweka kinanda, akaingia mtaa wa kwanza kwa guta lile lile la rangi ya chungwa. Na mtaa wa kwanza, uliposikia injini, ukafunga madirisha.

Wa pili ukafunga. Wa tatu ukafunga.

"Ni msiba!" alipaza sauti. "Jamani, huu ni msiba wa kweli! Amefariki Baldi! Baldi wa Bollo!"

Kutoka nyuma ya dirisha moja, sauti ya mwanamume ilijibu, na Libardo aliisikia vizuri sana.

"Waoneni hawa! Sasa wanauza bando kwa kinanda cha kanisa!"

Siku iliyofuata Baldi wa Bollo alizikwa na watu wachache kuliko wanaosubiri zamu kwa kinyozi. Desturi ni kupokezana jeneza kila kona, ili kila mtu apate kumbeba marehemu kidogo. Safari hii hapakuwa na wa kupokea. Waliolinyanyua mlangoni ndio waliopanda nalo mwinuko wote mpaka juu, wakipumua kama maksai.

Na juu, makaburini, walikuta watu. Wengi. Walikuwa kwenye foleni.

"Nilikuwa wa pili kutoka mbele," anasema Nubia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hana mzaha. "Nikaona jeneza linaingia. Nikamwona Edilsa nyuma yake. Nikajiuliza, huyu naye anamzika nani? Mimi hapa. Baldi alikuwa ananikopesha bollo tangu nasoma shule. Namuuliza mtu, ni nani huyo? Kwenye mazishi yake!"

Anaulizwa kama alitoka kwenye foleni.

"Nilitoka. Nilikwenda kumwaga mchanga." Anatazama pembeni. "Wengine hawakutoka. Mmoja mashine ilikuwa imeanza kumjibu."

Sasa zamu ya Libardo imefika. Anapanda juu ya jiwe ambalo jina lake limefutika, wanaloliita ofisi. Anapiga. Wimbo unapiga, na foleni nzima inatingisha vichwa bila kupenda, maana ni wimbo mzuri. Anabonyeza moja. Anabonyeza nne. Inakata. Anapiga tena. Safari hii, baada ya muda, anajibu binti mwenye damu na nyama, na foleni yote inanyamaza ili isikie.

Binti anasema, kwa upole, kwamba mkataba wa matangazo hauvunjwi kwa simu. Bwana Paternina afike mwenyewe ofisi ya Montería. Hiyo ni mashua, kisha basi, kisha bila shaka foleni nyingine.

"Binti yangu, nisikilize," anasema Libardo. "Mimi ni spika yenu. Nakuarifu kwamba spika imeharibika. Malipo ya wiki hii mbaki nayo."

Binti anamwomba abaki kwenye laini ili aipe huduma alama, kuanzia moja mpaka tano.

Libardo anashuka kwenye jiwe. Wapo wanaompigia makofi, kwa sauti ndogo, kwa heshima ya mahali. Yupo anayesema kwamba mzee alipaswa kuacha kazi kabla ya msiba, si baada. Libardo anamsikia, na anakubali kwa kichwa.

Lililobaki ni kesho. Baada ya mazishi, nyumba ya marehemu husali jioni tisa, na jioni ya tisa ndiyo ya mwisho. Ndipo madhabahu ya sebuleni inavunjwa, mishumaa inazimwa mmoja mmoja, na roho inaondoka nyumbani. Watu wote hutakiwa wawepo kuiaga. Nyumba ikiwa tupu, husemwa hapa, roho inatoka kama mgeni ambaye hakuna aliyemsindikiza. Jioni zote zilizopita, kwa Baldi wamesali Edilsa, majirani wawili watatu, na Libardo na Nacira wakiwa wamekaa karibu na mlango.

Kabla hajapanda makaburini leo, Libardo alipita kwa Edilsa. Alimkuta anafunga bollo kwenye majani, kando ya sufuria ya mama yake. Akamwomba ruhusa ya kuitangaza jioni ya mwisho.

"Kwa guta lile?" aliuliza Edilsa bila kuinua macho. "Hapana."

"Nitalipaka rangi upya. Nyeupe."

"Hata ukilipaka dhahabu, mjomba. Watafunga."

Alifunga bollo mbili tatu zaidi.

"Kwa miguu, sawa," alisema hatimaye. "Na usiniletee Ubaldina del Carmen sijui nani. Sema Baldi."

Kwa hiyo Libardo anashuka kutoka makaburini kwa miguu. Goti lake la kulia ni bovu, na sauti yake, baada ya miaka yote ya kusaidiwa na umeme, haifiki mbali. Ana mpango: leo mitaa ya bondeni, kesho asubuhi mitaa ya juu, kila nyumba, kila dirisha. Baada ya hapo, akijaliwa, atakuwa anakaa kila asubuhi kwenye ngazi za kanisa, ili mwenye msiba ajue pa kumpata bila kubonyeza kitu. Hajui kama kuna atakayekuja. Nacira anasema watarudia wali kwa wali, na kwamba ameshawahi kuuona wali huo.

Nyumba ya kwanza chini ya mwinuko imefungwa. Wamemwona akija. Libardo anasimama mbele ya dirisha, anavua kofia, anabisha kwa kidole kimoja.

"Hatununui!" inasema sauti ya mwanamke kutoka ndani.

"Siuzi kitu. Ni jioni ya mwisho ya Baldi wa Bollo. Kesho, nyumbani kwake."

Ndani, kijiko kinaacha kugonga sufuria. Libardo haondoki. Jua linampiga kisogoni.

Dirisha halifunguki. Lakini nyuma ya mbao ile sauti inasikika tena, chini zaidi, karibu zaidi.

"Saa ngapi?"